Maswali na Majibu: Shule jirani za Kikatoliki chini ya bodi moja

Parokia tatu zinataka kuunganisha uongozi wa shule zao za msingi. Waamini wanauliza: viwanja na majengo tuliyochangia vitachukuliwa na jimbo?
*Mjumbe wa halmashauri ya parokia*

Si lazima, na ushauri wetu ni visiguswe. Kuna mambo matatu yanayochanganywa kwenye vikao: kuunganisha uongozi, kuunganisha umiliki, na kuunganisha huduma kama uhasibu na manunuzi. La kwanza na la tatu hufanyika vizuri tu bila la pili.

Kwa Sheria ya Kanisa parokia ina nafsi yake ya kisheria, yaani inaweza kumiliki mali kwa jina lake (Kanuni 515), na mali ni ya nafsi iliyoipata kihalali (Kanuni 1256). Hati ya kiwanja ikiandikwa jina la chombo kipya, hapo mmehamisha mali ya Kanisa, na Kanuni 1291 hadi 1295 zinaanza kufanya kazi: tathmini ya maandishi ya wataalamu, sababu ya haki, ruhusa ya maandishi. Thamani ikizidi kiwango cha chini kilichowekwa na Baraza la Maaskofu, Askofu hawezi kutoa ruhusa hiyo bila ridhaa ya halmashauri ya fedha ya jimbo, ya baraza la washauri na ya wahusika wenyewe. Ikizidi kiwango cha juu, suala linakwenda hadi Kiti Kitakatifu. Mchakato mwingi huu wa nini, kama lengo ni bodi moja tu?

Acheni ardhi kwa parokia, kisha parokia na bodi ziandikiane mkataba wa matumizi. Utaje muda, bima, nani anatengeneza paa na nani anabadilisha vitasa, ukumbi unatumiwa na nani Jumapili, na majengo yanarudi vipi shule ikifungwa. Halafu angalieni mita. Mara nyingi mita moja ya maji inahudumia kanisa, nyumba ya mapadre na shule, na bili ililipwa miaka yote bila mtu kuuliza. Bodi mpya ikishaanza kulipa, itauliza. Fungeni mita ya pili kabla ya siku ya kusaini, kwa sababu kugawana bili kwa kukadiria kumevunja uelewano wa watu wengi wema.

Bodi ikiwa moja, paroko anabaki na kazi gani? Na mimi naripoti kwa nani?
*Mwalimu mkuu*

Unaripoti kwa bodi, kupitia mkurugenzi wa shule zote kama mtakuwa naye. Usikubali mabosi wawili. Paroko anabaki mchungaji wa shule: Misa, sakramenti, malezi ya kiroho. Anaweza kuwa mjumbe wa bodi, lakini nje ya kikao hatoi amri kuhusu ratiba wala ajira.

Katiba ya bodi itenganishe waziwazi madaraka mawili. Bodi inapitisha bajeti, inaweka ada, inaajiri na kusimamia. Askofu anabakiziwa machache yaliyoorodheshwa: kubadili katiba, kuuza au kuweka rehani mali, kukopa zaidi ya kiasi kilichotajwa kwa tarakimu, kufungua au kufunga shule, na kuthibitisha wakuu wa shule. Walimu wa dini wako chini ya Kanuni 805: ni haki ya Askofu kuwateua au kuwaidhinisha, na kuwaondoa. Orodha ikikosekana, kila jambo gumu litapelekwa kwa Askofu na bodi itageuka kamati ya ushauri. Wajumbe 9 hadi 11 wanatosha. Wawe na mhasibu mmoja na mwanasheria mmoja walau.

Shule moja ina akiba, nyingine ina madeni. Tunachanganyaje fedha?
*Mhasibu*

Msichanganye mwaka wa kwanza. Fungeni hesabu za kila shule tarehe moja, zikaguliwe, muorodheshe mali na madeni, pamoja na ada zisizolipwa na michango ya pensheni isiyowasilishwa. Hiyo ya pensheni ndiyo hufichwa zaidi. Mchango uliotolewa kwa kusudi maalumu, mathalani maabara ya shule fulani, utumike kwa kusudi hilo tu (Kanuni 1267), hata kama paa la jirani linavuja.

Gharama za ofisi ya pamoja zinahitaji kanuni ya kugawana. Tuseme shule zina wanafunzi 420, 260 na 120. Mkigawa sawa, ile ndogo inabeba theluthi nzima na itakufa. Mkigawa kwa idadi pekee, inalipa asilimia 15, ilhali ukaguzi na mishahara yake vinampa mhasibu kazi karibu sawa na ya wenzake. Njia ya kati: asilimia 30 ya gharama igawanywe sawa, 70 kwa idadi. Zitalipa asilimia 46.75, 32.75 na 20.5.

Viwango vya mishahara vikitofautiana, pandisheni vya chini kwa awamu ya miaka miwili au mitatu. Msishushe cha mtu. Likizo na miaka ya utumishi iendelee kuhesabiwa bila kukatika.

Tumsifu Yesu Kristo. Shule yetu ni ya shirika la watawa. Tunaweza kuingia?
*Sista*

Milele, amina. Mnaweza, lakini Askofu hawezi kuwaingiza kwa barua. Ana haki ya kuzisimamia na kuzitembelea shule za Kikatoliki jimboni mwake, hata zilizoanzishwa na watawa (Kanuni 806). Uongozi wa ndani ni wenu. Ingieni kwa makubaliano ya maandishi yaliyopitishwa na mkuu wenu na baraza lake. Yaseme masista wangapi watafanya kazi, malipo yao yanaingia akaunti gani, na notisi ya kujitoa. Mwaka mmoja wa masomo ni notisi ya haki kwa wazazi.

Majina na sare vibadilike lini?
*Mzazi*

Jina jipya linaloitaja shule kuwa ya Kikatoliki linahitaji kibali cha mamlaka ya Kanisa (Kanuni 803), na usajili wa serikali nao ubadilishwe, la sivyo vyeti vya mitihani vitatoka na jina la zamani. Sare ianze na darasa la kwanza la mwaka unaofuata. Walioko wamalizie walizonazo.