Mtoto wa farasi anayesinzia kupita kiasi na kuzirai: maswali yenu na majibu

Shikamoo daktari. Mtoto wa farasi wangu ana siku mbili na analala karibu mchana kutwa. Anaumwa? (Msomaji, Arusha)

Marahaba. Kulala peke yake si ugonjwa. Katika juma la kwanza mtoto wa farasi hunyonya, hurukaruka kidogo, hulala fofofo, kisha huanza upya. Akiwa usingizini macho huzunguka chini ya kope, midomo hunyonya hewa na miguu hushtuka. Yote hayo ni ya kawaida. La kutazama ni anachofanya akiamshwa. Mzima huinuka mara moja na kwenda moja kwa moja kwenye kiwele, na kwa saa moja hunyonya mara 5 hadi 7, dakika moja au mbili kila mara.

Kabla ya kumkagua mtoto, shika kiwele cha mama. Kikiwa kimejaa, kigumu na kinadondosha maziwa, mtoto hanyonyi, hata kama umemwona ameingiza kichwa pale. Maziwa yaliyokauka kwenye paji lake la uso yana maana hiyohiyo: anasimama chini ya chuchu na maziwa yanammwagikia. Kisha mpime joto (37.2 hadi 38.9 ni sawa) na mapigo ya moyo (80 hadi 120 kwa dakika akiwa ametulia). Akiba yake ya sukari mwilini ni ndogo mno. Akikosa maziwa usiku mmoja, asubuhi unaweza kumkuta amelala ubavu, wa baridi, hana fahamu. Kwa hiyo akipitisha saa 3 bila kunyonya, mpigie daktari wa mifugo simu hapohapo, usiku au mchana.

Nikimkumbatia ili nimvishe hatamu, magoti yanakunjika, anaanguka na kusinzia. Nikimwachia anainuka kama kawaida. Ni kifafa? (Msomaji, Nanyuki)

Yaelekea ni mshiko wenu. Mtoto mchanga wa farasi akibanwa kwa nguvu kifuani na makalioni kwa pamoja hulegea na kusinzia. Ni mwitikio wa kuzaliwa nao. Mshike kwa kumzuia tu, mkono mmoja mbele ya kifua na mwingine nyuma ya mapaja, bila kumkaba, na uone kama anguko litakwisha.

Likiendelea hata akiwa ananyonya, akisuguliwa shingo au akitolewa nje, fikirieni nakolepsia. Hapo ubongo huingia ghafla katika usingizi wa ndoto na misuli yote huachia. Shambulio huchukua sekunde chache hadi dakika kadhaa, kisha mnyama huamka akiwa mzima kabisa. Huonekana zaidi kwa farasi wafupi wa Shetland, farasi wadogo sana wa Marekani na farasi wa Suffolk. Baadhi ya watoto huacha wenyewe wakikua, wengine hubaki nayo maisha yote. Ondoeni mawe, ndoo na ncha kali zizini, na mrekodi video ya shambulio kwa simu, maana daktari akifika mara nyingi hatalikuta. Mkiona fizi zimepauka au mapigo hayana mpangilio wakati wa kuanguka, hilo si suala la usingizi tena. Moyo na damu vipimwe.

Alizaliwa haraka, akasimama na kunyonya. Kesho yake amemsahau mama, anazurura, analamba ukuta, kisha anaanguka na kulala. (Msomaji, Naivasha)

Hali hii huwapata watoto ambao ubongo ulikosa oksijeni wakati wa uzazi, na pia wale ambao, kwa maelezo ya kundi la John Madigan wa Chuo Kikuu cha California, Davis, ubongo wao haujatoka katika usingizi wa tumboni. Mtoto akiwa tumboni hutulizwa na homoni maalumu ili asirushe mateke ndani ya mama. Kubanwa katika njia ya uzazi ni mojawapo ya ishara za kuzizima homoni hizo. Akitoka haraka mno, au kwa upasuaji, ishara hiyo huweza kupungua na homoni zikabaki juu.

Ndiyo maana ikabuniwa njia ya kumbana kwa kamba. Kwanza daktari anapapasa mbavu moja moja, kwa sababu mbavu zilizovunjika wakati wa uzazi ni jambo la kawaida kwa watoto wa farasi, na kamba juu ya ubavu uliovunjika inaweza kutoboa pafu au moyo. Asibanwe pia anayehema kwa shida, njiti, wala mwenye dalili za maambukizi. Akipita hapo, kamba laini ya pamba huzungushwa kifuani nyuma ya miguu ya mbele, mizunguko mitatu, na mwisho wake huvutwa kwa nguvu sawasawa, bila kushtua. Mtoto hujilaza na kusinzia. Mbano hushikiliwa dakika 20, mtu mwingine akihesabu pumzi muda wote, kisha kamba hulegezwa na kutolewa. Baadhi huinuka na kutafuta kiwele papo hapo. Asiyebadilika huenda ana tatizo jingine, na hapo dripu, sukari na oksijeni ndizo zinazomwokoa. Wengi wanaohudumiwa mapema hupona kabisa, kwa hiyo msimkatie tamaa mtoto huyu kwa sababu anaonekana zezeta leo.

Mbano huo mfanye kwa mara ya kwanza mbele ya daktari. Wakati mnamsubiri, mkaushe, mlaze kifudifudi juu ya nyasi nyingi, mgeuze kila saa 2.

Tumnyweshe kwa chupa akiwa amesinzia? (Msomaji huyohuyo)

Hapana! Weka kidole safi mdomoni. Asipokinyonya kwa nguvu, maziwa yataingia mapafuni na nimonia itamuua kabla ya njaa. Huyo analishwa kwa mpira wa puani unaowekwa na daktari. Aliye chini ya 37 naye apashwe joto polepole kwanza, kwa kuwa utumbo wa baridi hausagi maziwa.

Anayenyonya kidole anaweza kupewa chupa akiwa amesimama au amelala kifudifudi, pua isizidi usawa wa macho. Saa 6 za kwanza apate dang'a lita 1 hadi 1.5 kwa mafungu, kwani utumbo hupokea kingamwili kwa takriban saa 24 tu na uwezo huo hushuka kila saa. Baada ya hapo, mgonjwa wa kilo 50 huanzia lita 5 kwa siku, yaani kama mililita 400 kila saa 2. Mzima wa uzito huo hunywa lita 10 hadi 12.

Farasi wetu alipandwa na punda. Nyumbu alizaliwa na nguvu, siku ya pili amelegea, fizi za njano, mkojo mwekundu. (Msomaji, Nakuru)

Dang'a ya mama ina kingamwili zinazopasua chembe nyekundu za mtoto. Punda wana alama ya damu ambayo farasi hawana, na mama huijua kwa mimba ya kwanza, hivyo hatari huwa kubwa kuanzia nyumbu wa pili. Msimkimbize wala kumsimamisha kwa nguvu: damu iliyobaki haitoshi kwa mazoezi, na anaweza kuzirai na kufa palepale. Kama hajamaliza saa 48, mfungeni kikapu cha mdomo, kamueni mama na kumwaga, mpeni maziwa ya farasi mwingine. Akihitaji damu, isitoke kwa punda. Chembe za mama zilizooshwa ndizo salama zaidi. Daktari apime pia ugonjwa wa kupe, maana kimelea chake, Theileria equi, hupita kondo la nyuma na huleta njano ileile.

Tuna farasi wa Kiarabu. Mtoto wa miezi miwili anaanguka, miguu inapiga kasia, kisha hatuoni kama anaona. (Msomaji, Barka, Oman)

Hicho ni kifafa. Wa nakolepsia hulegea, huyu hukakamaa, hutoka jasho, na akiamka huwa kipofu kwa muda. Watoto wa Kiarabu wa ukoo wa Misri wana kifafa cha utotoni ambacho wengi huachana nacho wakikua, lakini dawa, kwa kawaida fenobabitali, ni lazima ili asijivunje kichwa.

Dume wa siku tatu, mzito, anajikamua kukojoa na tumbo linavimba. (Msomaji, Eldoret)

Kibofu kimepasuka hadi ithibitike vinginevyo. Mkojo unaovuja tumboni hupandisha potasiamu, na hiyo husimamisha moyo. Vijitone vya mkojo visiwadanganye. Damu isawazishwe kwa dripu kwanza, kisha upasuaji.