Tairi likitoboka mlimani, tafuta kwanza tambarare

Maelezo mengi ya kubadilisha tairi huanza na nati. Kwa sisi wa Bukavu yangepaswa kuanza na ardhi. Mji wetu umepandana juu ya vilima, na ukishuka kutoka Kadutu au ukipanda Muhungu, ni nadra kukuta sehemu iliyo sawa. Gari lililoinuliwa kwenye mteremko husukumwa na uzito wake lenyewe, na kriki, yaani jeki ya kuinulia gari, iliyosimama wima haikuundwa kuhimili msukumo wa pembeni. Ikiinama, gari linamwangukia aliyechuchumaa karibu.

Kwa hiyo tairi likiisha upepo mlimani, mimi sisimami hapo hapo. Nawasha taa za dharura, nashika usukani kwa mikono miwili, naenda kwa mwendo wa mtu anayetembea mpaka nipate tambarare: kituo cha mafuta, mbele ya duka, mlango wa kanisa. Tairi linaweza kuharibika kabisa kwa mita hizo chache, na rimu ikakwaruzwa. Najua bei ya tairi na najua si kila mfuko unaimudu, lakini bado nasema: lipeleke gari tambarare.

Ikishindikana kabisa, elewa kwanza ni nini kinachoshika gari lako. Katika magari mengi breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma tu. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, nusu ya mshiko huo imeondoka. Gia nayo, au P kwa gari la otomatiki, hushika magurudumu yanayovutwa na injini, na kwa magari madogo mengi hayo ni ya mbele. Ukiinua gurudumu moja la mbele, hilo la hewani linaweza kuzunguka bure na mwenzake wa chini akaliachia gari. Ndiyo maana unahitaji vyote pamoja: breki ya mkono imevutwa mpaka mwisho, gia ya kwanza kama gari limeelekea juu au gia ya nyuma kama limeelekea chini, na mawe.

Mawe ndiyo naamini kuliko vyote. Chagua makubwa, yenye ubavu unaoingia vizuri chini ya tairi, uyakaze upande wa bondeni wa magurudumu yanayobaki chini. Tofali la udongo usilitumie, linasagika. Abiria wote washuke, watoto wapelekwe mbali na barabara. Pembetatu ya kuonya iweke nyuma kabisa ya gari, kabla ya kona na si baada yake, ili mwenye lori akuone akiwa bado na nafasi ya kupunguza mwendo. Kama huna, kata matawi kama wanavyofanya madereva wetu wote.

Sasa nati. Zilegeze kidogo kabla ya kuinua gari, wakati tairi bado limekanyaga chini, kwa kuzungusha kuelekea kushoto. Kwado, yaani mafundi wa tairi, wengi hukaza kwa bomba refu na uzito wa mwili mzima, na kifunguo kifupi kilichokuja na gari hakiwezi kuzifungua. Nabeba kipande cha bomba cha kuongezea urefu wa mkono wa kifunguo. Na kila nikitoka kwa kwado, namwomba anione nikifungua nati moja mwenyewe kabla sijalipa. Wengine wananuna kidogo, halafu wanazoea.

Mvua ikiwa imenyesha, na kwetu inanyesha kuanzia Septemba hadi Mei, kriki huzama kwenye matope. Kipande cha ubao mgumu chini yake kinatosha, na hakichukui nafasi kwenye buti. Kriki iweke pale palipotengwa kwa ajili yake, kwenye ukingo wa chini wa bodi karibu na gurudumu. Mahali pengine bati litabonyea. Gari likishainuka, laza tairi la akiba chini ya ukingo huo, na likitoka lile bovu, badilishana nalo. Kriki ikiteleza, gari litaangukia rimu. Usiingize mkono wala kichwa chini ya gari hata kwa sekunde.

Rudisha nati kwa vidole kwanza, upande uliochongoka ukiangalia rimu. Shusha gari, kisha kaza kwa kuvuka: moja, halafu ile inayoielekea, si kwa kufuatana.

Watu watakuja, hasa ukiwa mwanamke. "Mama, acha, tutafanya sisi." Wapokee kwa heshima, kwa maana mara nyingi wana moyo mwema na nguvu za kufungua nati ngumu. Ila mawe yakague wewe, na kriki isipandishwe kabla hujasema. Gari ni lako, na anayekusaidia naye ana mama yake nyumbani.

Tairi la akiba lipime upepo kila unapopima mengine. Likiwa lile jembamba linalokuja na magari mengi ya Japani, linataka upepo mwingi zaidi, kwa kawaida bar 4.2, na halipaswi kuzidi kilomita 80 kwa saa.

Kabla ya kuondoka, toa mawe na matawi yote barabarani. Nasisitiza hili kwa sababu kila wiki nayaona yameachwa katikati ya njia, na usiku mtu wa pikipiki hayaoni. Halafu pitia kwa kwado siku hiyo hiyo. Tundu la msumari kwenye sehemu inayokanyaga linazibika. Tairi lililochanika ubavuni usikubali lishonwe, na lile ulilolitembeza bila upepo livuliwe kwenye rimu likaguliwe ndani kabla hujaliamini tena. Nati zikaze upya baada ya kilomita 50 hivi.