Kabla hujapaka rangi nyumba ya Mji Mkongwe, panda juu ya paa

Nina miaka tisa nikijitolea katika jumuiya ndogo inayosaidia kuhifadhi nyumba za zamani za Mji Mkongwe, Zanzibar. Kila mwaka tunapata vijana wapya, na karibu wote wanataka kuanza na milango. Nawaelewa. Mlango wa nakshi wenye njumu za shaba humsimamisha hata mwenye haraka. Lakini nyumba ya mawe haiangushwi na ubovu wa mlango. Inaangushwa na maji.

Hilo nililijua kwa uchungu. Nyumba ya kwanza niliyosimamia ilikuwa na familia nne, na aliyetupa fedha alitaka picha za kabla na baada. Basi tukapaka chokaa ukuta wa mbele, tukatengeneza mlango, tukapiga picha. Bibi wa ghorofa ya pili alituambia mara mbili: "Wajukuu zangu, choo cha juu kinavuja, na boriti zinalia usiku." Tukamwitikia kwa adabu, tukarudi kwenye rangi. Masika yale sakafu ya chumba chake ikabonyea. Alhamdulillahi, alikuwa msibani kwa jirani. Hadi leo nikipita uchochoro ule roho huniuma.

Nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo, na sakafu zimelala juu ya boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba: upana wa chumba hauwezi kuzidi urefu wa boriti. Boriti kavu hudumu vizazi. Ikilowa ncha iliyomo ukutani, huoza mahali ambapo jicho halifiki. Kwa hiyo ukaguzi uanze juu: mabati, mifereji ya mvua, vyoo, mabomba. Ukiona mche umeota ukutani, usiuvute kwa nguvu, maana mizizi itatoka na mawe. Ukate, uhakikishe umekufa, ndipo uzibe kwa chokaa.

Kisha saruji. Hapa sitapunguza maneno: usiruhusu fundi apige lipu ya saruji kwenye ukuta wa chokaa. Atakwambia ni imara zaidi, na ni kweli, lakini ugumu huo ndio unaoumiza. Chokaa huacha ukuta upumue, ulowe na ukauke. Saruji hufungia unyevu ndani, na chumvi inayopanda nao kutoka ardhini hula jiwe kwa nyuma. Baada ya muda lipu inabanduka na uso wa ukuta. Nimeona familia zikimaliza akiba yao kwa kazi hiyo, kisha zikalazimika kulipa tena kuibomoa. Chokaa inataka subira, tabaka kwa tabaka. Mtafute fundi mzee anayeijua, na umpe kijana wa kumfundisha, kwani mafundi hao wanapungua kila mwaka.

Ufa nao usiuzibe siku unayouona. Bandika donge jembamba la chokaa juu yake, andika tarehe, piga picha. Likipasuka, ufa bado unatembea, na hapo unahitaji mhandisi.

Hayo yote ni rahisi kuliko suala la mwenye nyumba. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilichukuliwa na serikali. Nyingine ni wakfu, nyingine ni mirathi ambayo warithi wake wako Muscat au London. Mpangaji anasema paa si lake. Mrithi anasema haishi hapo. Tuliwahi kukaa vikao kwa miezi saba kwa ajili ya mfereji mmoja wa bati. Sikujuta. Kuwakalisha watu wote hao kwenye baraza moja ndiyo kazi ambayo fundi hawezi kuifanya, na jumuiya inaiweza. Kibali cha mamlaka ya Mji Mkongwe kiombwe mapema, kabla fundi hajaanza kazi.

Kuna wanaodhani jina la urithi wa dunia, tulilopewa mwaka 2000, litatulinda. Beit el Ajaib, jumba alilojenga Sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash, mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake Desemba 2020, tena likiwa kwenye matengenezo, na watu wawili wakafariki. Ikiwa jumba lile limeweza kuanguka, nyumba ya uchochoroni isiyo na jina haiwezi kungoja mfadhili wa kimataifa. Ndiyo maana sasa tunatenga fungu la matengenezo madogo kabla ya mradi wowote mkubwa, hata kama halina picha nzuri za kuonyesha.

Kila Februari, kabla ya masika, tunapita nyumba kwa nyumba kusafisha mifereji. Ukija, chukua tochi, ndoo, mwiko na daftari. Tunaanza na kahawa kwa bibi wa ghorofa ya pili. Yeye ndiye anayetutajia wapi kulivuja mwaka jana.