Maikrowevu inachemka halafu inajizima

SWALI: Habari zenu. Maikrowevu yangu nikipasha wali dakika chache tu bodi yake inakuwa moto hadi kugusa ni shida, kisha inajizima, nikiiacha ipoe inawaka tena. Nifanyeje? – Msomaji, Kondele, Kisumu

JIBU: Pole sana. Huko kujizima kwenyewe si ubovu, ndani kuna swichi ya joto inayokata stima kabla vitu havijaungua, cha kutafuta ni kwa nini joto halitoki. Ivute mbali na ukuta, toa vitambaa na masufuria watu hupenda kuweka juu, chomoa kwa soketi halafu pangusa matundu ya hewa nyuma na pembeni, mafuta ya kukaanga samaki hushikana na vumbi hapo mpaka hewa haipiti. Kisha weka kikombe cha maji ndani (usiwashe ikiwa tupu), washa usikilize feni: ikiwa kimya ama inakwaruza, hiyo ndiyo shida. Lakini tafadhali sana usifungue kava, kuna kapasita, yaani kifaa kinachohifadhi stima, inashika stima ya kama volti 2,000 na inaweza kukuua hata kama umeshachomoa. Hiyo mpelekee fundi anayezijua. Na ukiona cheche ama usikie harufu ya kuungua, acha kuitumia kabisa mpaka iangaliwe.