Mtuhumiwa akikimbilia Kitwe, Zambia, polisi wa Lubumbashi hawawezi kumfuata

Yaya, uliuliza kama parke (ofisi ya mwendesha mashtaka) inaweza kutuma polisi wavuke mpaka wa Kasumbalesa wamlete mtuhumiwa. Hapana. Wakimkamata ng'ambo wenyewe, kesi inaweza kuharibika, na Zambia italalamika.

Njia ni hii: parke inaandaa faili, linapanda hadi Wizara ya Sheria Kinshasa, kisha Mambo ya Nje, ndipo ubalozi unalifikisha Lusaka. Hakimu wa Zambia anasikiliza kwanza.

Faili ndilo linalokwamisha wengi. Linatakiwa kuwa na hati ya kukamata yenye sahihi na muhuri, maelezo ya tendo (siku, mahali, alifanya nini hasa), kipengele cha sheria kinachovunjwa pamoja na adhabu yake, na utambulisho: picha, alama za vidole, uraia. Yote yatafsiriwe kwa Kiingereza. Kuandika tu "alitapeli" hakutoshi. Hakimu anatafuta kama tendo lenyewe ni kosa kwao pia. Itifaki ya 2002 ya SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika) kuhusu kurudishana watuhumiwa inataka kosa la kifungo cha angalau mwaka 1.

Tangazo jekundu la Interpol (shirika la polisi la kimataifa), ambalo watu wanalisifia sana, si hati ya kukamata. Ni ombi la kumtafuta na kumshika kwa muda, na kila nchi huamua yenyewe uzito wake.

Kuna ombi la haraka la kumshika kwa muda, lakini faili likichelewa Kinshasa, anaachiwa. Basi faili likamilike kwanza.

Tena angalia uraia: akiwa Mzambia, wanaweza kukataa kumtoa. Hapo omba wamshitaki kwao, uwapelekee ushahidi.