Starlet EP82: usianzie kwenye injini

Mkuu, swali lako nililisoma jana usiku nikalala nalo. Umeachiwa na marehemu mjomba wako Toyota Starlet ya toleo la EP82, ya mwaka 1992, milango mitano, injini ni ileile iliyotoka nayo kiwandani, na imesimama miaka mitatu. Mmoja amekwambia uiuze kwa kilo kama chuma chakavu, mwingine amekwambia ung'oe injini uweke ya turbo. Unataka kujua kama kuna maana ya kuitunza kama ilivyo, na uanzie wapi.

Kwanza pole sana kwa msiba. Jibu langu ni itunze, ila usianzie kwenye injini. Yangu ninayo mwaka wa 11 huu, nyeupe, niliinunua kwa mwalimu mstaafu aliyeiendesha kwa upole mpaka macho yalipomkataza. Ninayokueleza nimejifunza chini ya gari hilo, mgongo ukiwa sakafuni.

Starlet si gari la jana. Jina lilianza mwaka 1973 ikiitwa Publica Starlet. Mwaka 1978 ikaja KP61, ya mwisho kusukumwa na magurudumu ya nyuma, halafu 1984 EP71 ikahamia kuvuta mbele. Ya kwako, EP82, ilitoka mwishoni mwa 1989, ikafuatiwa na EP91 mwaka 1996, na mwaka 1999 Vitz ikachukua nafasi na jina likafutika. Yaani hata Starlet changa kuliko zote imeshavuka miaka 25.

Zimekwisha kwa sababu zilikuwa gari za kazi. Hakuna aliyenunua Starlet ya kawaida aifunike turubai. Ilifundishia watu udereva, ikabeba magunia, ikauzwa mkono wa pili, wa tatu, wa nne, na kila mkono ulitumia fedha kidogo kuliko uliotangulia. GT Turbo na Glanza V, yaani Starlet zilizotoka kiwandani na turbo, zilipata wapenzi wakazificha. Za kawaida zilichinjwa, yaani zilifunguliwa vipuri, ili hizo zipone, au zilikatwa zikageuzwa GT za kuiga. Katika miaka hii nimekutana na Starlet nyingi zenye mdomo wa GT kuliko zenye sura yake ya kuzaliwa. Ndiyo maana hiyo ya mjomba, ikiwa haijaguswa, naiona ya thamani. Bado inaonyesha gari la watu wa kawaida lilivyokuwa: jepesi, halifiki kilo 900, vioo vikubwa, nguzo nyembamba, unaona kona zote nne ukiwa umekaa.

Sasa kuhusu injini. Uliyonayo ni 4E-FE, sentimita za ujazo 1331, valvu 16, bloku ya chuma na hedi ya alumini. Familia hiyohiyo ya injini iliwekwa kwenye Tercel, Corsa na Cynos, kwa hiyo gasketi, pampu ya maji, mkanda wa taiming, plagi, vyote watengenezaji wa vipuri bado wanavitoa. Sijawahi kulaza gari kwa kukosa kipuri cha injini. Injini inangoja. Ikifa leo utaifufua mwaka ujao.

Kisichongoja ni plastiki na raba. Gari moja lilirudi nyuma likanigonga kona ya kulia, pigo dogo, bampa halikupasuka. Kilichovunjika ni kioo cha taa ya nyuma, kile chekundu chenye kipande cha rangi ya chungwa. Niliona ni jambo la wiki moja. Nilikitafuta miezi 14. Nilipokea vya EP91, havikuingia, nikapokea vya EP71, hata mkunjo wake ni mwingine. Mwishowe nilikipata kwenye gari lililobiringika, cha kulia kizima kabisa ila kimefifia kuliko changu cha kushoto. Nikanunua vyote viwili ili vilingane, na tangu siku hiyo nikabadilisha utaratibu: kila nikisikia EP82 inachinjwa, naenda na bisibisi. Nachukua vioo vya taa, raba za milango, raba ya kioo cha nyuma, vishikio vya ndani, swichi za vioo, kifuniko cha fyuzi, hata klipu, vile vibanio vya plastiki vinavyoshika paneli. Injini nawaachia wengine.

Klipu hizo usizidharau. Ukivuta paneli ya mlango kwa nguvu, unasikia tak, tak, tak, na kila sauti ni klipu imekatika shingo, kwa sababu plastiki ya zaidi ya miaka 30 imekauka. Siku hizi nasubiri jua limepiga mlango saa nzima, au napuliza hewa ya moto kwa mbali mpaka paneli ipate uvuguvugu wa mkono. Kisha naingiza kibao chembamba cha plastiki pembeni kabisa ya klipu, si katikati ya paneli, nanyanyua kidogo, nahamia nyingine, narudi. Zikitoka nzima naziosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, nazikausha, naziweka kwenye kopo lenye jina la mlango. Raba za milango nazipaka grisi ya silikoni mara mbili kwa mwaka. Usipake mafuta ya petroli wala grisi ya kawaida, raba inavimba na kulainika kama uji.

Unapotafuta vipuri, tafuta kwa namba. Namba za Toyota zina tarakimu kumi, tano na tano. Tano za mwanzo zinasema ni kitu gani: 81551 ni kioo cha taa ya nyuma kulia, 81561 ni cha kushoto. Zinazofuata zinasema ni cha gari lipi. Ukimtajia muuzaji "taa ya Starlet" atakuletea anachotaka kuuza, ukimtajia namba hana pa kukwepea. Na kabla hujapaka hata tone la rangi, fungua boneti usome kibati cha utambulisho wa gari. Kwenye mstari ulioandikwa C/TR kuna namba ya rangi na ya vitambaa vya ndani. Yangu inasema 040, nyeupe ya Toyota inayojulikana kila mahali. Kiandike, kipige picha, na umwambie fundi asikipake rangi.

Kutu ndiyo inayoua hizi gari, na huingia kwa milango isiyotazamwa. Chini ya kila mlango na chini ya vizingiti kuna vitundu vya kutolea maji. Vikiziba kwa vumbi na majani, maji yanakaa ndani na bati linaliwa kutoka upande usiouona. Chukua kipande cha plastiki laini, usichukue waya wa chuma, upitishe kitundu kimoja kimoja. Mlango wa nyuma kushoto wa gari langu ulitoa matope meusi ya kujaza kikombe, mwenye gari wa kwanza akiwa anauosha kila Jumamosi. Kagua pia matao ya magurudumu ya nyuma, shimo la tairi ya spea, shingo ya kujazia mafuta, na chini ya raba ya kioo cha mbele.

Hapo kwenye matao nina uchungu. Mwaka wangu wa pili nilimpelekea fundi bodi mmoja, nikamlipa akate bati bovu achomelee jipya. Gari lilirudi linang'aa, nikamshukuru sana. Baada ya misimu miwili ya mvua rangi ikaanza kutoa malengelenge. Nilipokwangua nikakuta puti, ile ya kuziba mashimo ya bati, nene kuliko kidole, na nyuma yake gazeti lililokunjwa. Kutu ilikuwa imeendelea kula nyuma ya gazeti, na tao ambalo lingepona kwa kiraka cha kiganja likahitaji kutengenezwa upya nusu yake. Kwa hiyo mwambie fundi wako hivi: bati likishakatwa, nipigie, nataka kuliona kabla ya kuchomelea. Likishachomelewa, nipigie tena kabla ya puti. Akikataa, ondoa gari. Akikubali, ndani ya tao lile pakae nta ya kuzuia kutu, maana rangi ya nje pekee haitoshi.

Kuhusu turbo, naelewa tamaa yake. 4E-FTE, injini ya turbo ya GT, inatoa nguvu za farasi 135 kutoka kiwandani, na kwa gari jepesi hivyo ni nyingi mno. Lakini GT ilizaliwa na giaboksi yake, breki zake na mpangilio wake wa nyaya. Ukiweka injini peke yake umeongeza mwendo bila kuongeza kusimama, na ukikata nyaya na bati ili vyote viingie, hakuna kurudi nyuma. Nasema kwa moyo wote: anayetaka turbo atafute GT iliyotoka hivyo. Hii ya mjomba ibaki yenyewe. Hata rimu ukibadilisha, zile za chuma na vifuniko vyake zifunge kwenye kitambaa uziweke.

Kuiamsha baada ya miaka mitatu hakuna haraka. Usitie betri mpya na kupiga stata. Mwaga petroli ya zamani, badilisha oili na filta, toa plagi udondoshe oili kidogo kila silinda, kisha izungushe injini kwa mkono, spana kwenye boliti ya puli ya krenkishafti, mizunguko miwili. Ikigoma, simama hapo. Mkanda wa taiming badilisha hata kama kilomita ni chache, raba huzeeka ikiwa imesimama. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, ya miaka mitatu mwaga yote. Kwenye rejeta weka kulanti halisi, yaani kimiminika cha kupozea injini, maji matupu yanakula hedi ya alumini. Tairi soma tarakimu nne za mwisho za DOT, namba iliyoandikwa ubavuni: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014, na tairi ya umri huo haiendi barabarani hata ikiwa na meno yote.

Ikishaamka, itembeze kila wiki mbili, nusu saa au zaidi, mpaka ekzozi yote ipate moto. Kuiwasha dakika tano ukaizima ni kuijaza maji sailensa, mvuke unageuka maji humo na kuanza kula bati.

Kitu kimoja uchunge leo hii: karatasi. Kitabu cha sevisi, stakabadhi, kadi, hata picha za zamani zinazoonyesha gari nyuma ya watu wakiwa kwenye harusi. Mwalimu alinipa daftari alilokuwa akiandika kila lita ya petroli aliyoweka, kwa mwandiko wa ubaoni. Sijui gari jingine lenye kitu kama hicho, na siwezi kuliuza likiwa bila daftari lile. Mwulize shangazi kama mjomba aliacha chochote kwenye droo.

Halafu wikiendi hii, kabla hujagusa nati yoyote, fungua buti, nyanyua zulia, toa tairi ya spea, mulika lile shimo kwa tochi na upige picha. Ziweke hapa pamoja na picha ya kibati. Na kama kioo chako cha taa ya kushoto kimepasuka, niambie, kile changu cha kushoto nilichotoa bado ninacho.