Kompyuta ya ofisini inagoma kuamka nikiwa nyumbani

SWALI: Shikamoo Fundi. Nikiwa kwenye Wi-Fi ya ofisini, naiwasha kompyuta yangu kwa simu bila shida. Nikiwa nyumbani inakubali tu kama imezimwa punde. Ikipita nusu saa, kimya. Poti namba 9, mlango wa mtandao unaopitisha ujumbe wa kuiamsha, nimeshaifungua kwenye ruta. Msomaji, Morogoro.

JIBU: Marahaba. Hiyo “punde” yako imenirahisishia kazi. BIOS (programu ya msingi ya kuiwasha kompyuta) na kadi ya mtandao viko sawa, usiviguse. Anayesahau ni ruta. Kompyuta ikizimwa, ruta hukumbuka kwa dakika chache tu kwamba anwani ile ya IP (namba ya kifaa kwenye mtandao) ni ya kadi ile. Baadaye huuliza upya, kompyuta iliyozimwa haijibu, na pakiti yako, yaani ule ujumbe wa kuiamsha, hutupwa. Ukiwa ofisini, simu hutangazia vifaa vyote kwa pamoja, haiulizi mtu.

Hiyo poti ifunge. Sipendi kabisa milango ya ofisi iliyoachwa wazi kwa dunia nzima. Kama ruta yako ina VPN, yaani njia salama ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa mbali, ingia kupitia hiyo, kisha iamuru ruta yenyewe itume pakiti. Nyingine zina kitufe cha kazi hiyo. Yako haina? Raspberry Pi, kompyuta ndogo sana, inayowaka muda wote ofisini itaituma kwa niaba yako. Na anayefunga ofisi asizime soketi ukutani: kadi isiyo na umeme haisikii chochote.